Kibarua ni Barua Ndogo

Geti la kiwanda cha kandambili, Vingunguti,
saa kumi na mbili kasoro.
Bwana Ngalomba anatoka na daftari kifuani,
penseli sikioni, kifutio mfukoni,
anatuchagua kwa kidole: wewe, wewe, yule wa kofia.
Akishachagua ndipo anatuuliza majina.
Kila siku anatuuliza majina.
Mimi amenijua miaka tisa.

Jioni, tukishahesabiwa elfu saba zetu,
anafuta. Nimemwona akifuta,
ulimi nje kidogo, kama mtoto wa darasa la pili,
kisha anapuliza zile chembe za mpira
zikamwagika kwenye mchanga wa getini.
Humo nimo mimi, yumo Siwema, yumo Havintishi,
tumekuwa vumbi la rangi ya waridi.

Aliyeandikwa kwa wino huzeeka kazini,
na akizeeka hudai: likizo, matibabu, kiinua mgongo.
Wa penseli huzaliwa upya kila alfajiri,
na kichanga hakidai kitu.
Kati ya penseli na pensheni, Havintishi alihesabu,
zimepishana herufi mbili tu.

Nimelitafuna sana neno lenyewe.
Kibarua: barua iliyotiwa *ki*, ikapunguzwa.
Zamani, nasikia, ilikuwa kadi kweli,
ukimaliza siku unatiwa alama.
Siku hizi kadi hakuna. Barua ni sisi,
tunatumwa asubuhi, tunachanwa jioni,
na hakuna aliyewahi kutusoma.

Mashine namba nne ilikula kidole cha Shomvi
saa nane mchana, kile cha shahada.
Tulimfunga kwa upande wa kanga ya Siwema,
tukampakia bajaji mpaka Amana.
Niliporudi, daftari lilikuwa wazi mezani.
Bwana Ngalomba hakungoja jioni.
Alikuwa kwenye simu: "Hapana bosi,
huyo leo hakuja."

Leo hakuja.
Na kidole chake kilikuwa bado mle ndani,
kwenye boksi la soli za namba tisa.

Aliyesema twende Tume ni Siwema.
Hakupaza sauti. Alikuwa anakung'uta ndala zake
kama mtu anayesema kesho tutapika maharage.
Tulichanga nauli, mia tano mia tano.
Wawili walikataa. Siwalaumu,
mmoja ana mapacha na kodi ya miezi mitatu.

Mwamuzi alikuwa binti mdogo, miwani imemshuka puani.
Akafungua daftari: kurasa nyeupe, nyeupe.
"Unaona, mheshimiwa," akasema Bwana Ngalomba, "hawamo."
Binti akainuka, akaenda nalo dirishani,
akalilaza upande, jua la saa tano likapita juu yake
kama mkono juu ya kitambaa.

Bwana Ngalomba ana mkono mzito.
Woga ndio huandika hivyo, kwa kukandamiza.
Penseli ilikuwa imetoka, mfereji umebaki.
Binti akasoma polepole, akikunja jicho:
"Shomvi... Shomvi Kindamba. Tarehe kumi na nne."

"Nipo!"
Shomvi aliitika kama yuko shule,
akainua mkono. Wenye vidole vinne.

Shauri limeahirishwa.
Wakili wa kampuni anasema mikwaruzo si maandishi.
Huenda. Mimi sheria siijui,
na tangu siku ile kidole cha Bwana Ngalomba
kinaniruka getini kama dimbwi.
Nauza maandazi ng'ambo ya barabara. Wateja wangu ni walewale.

Lakini siku ile, kwa karani pale mlangoni,
palikuwa na karatasi ya mahudhurio
na biki ya bluu iliyofungwa kwa uzi.
Niliandika langu, la baba, la babu,
sikuruka hata herufi.
Wino ulikuwa mbichi. Nikainama,
nikapuliza.

Halikuondoka.